Matembezi katika Mji wa Kuta: Kilwa Kisiwani, Mahame ya Newala na Masasi, na Hukumu ya Msikiti Uliobomoka

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Wapo maimamu na wanafunzi wa Masasi na Newala wanaopenda kwenda Kilwa Kisiwani kuyaona magofu ya mji wa kale wa Waislamu, na wapo wanaosita. Wanaosita huuliza: je, safari hiyo inajuzu? Ukiingia katika gofu la msikiti, unaswali rakaa mbili za kuuamkia msikiti, au hapo pamekwishakuwa mahali pa kawaida? Na kina mama wasio katika twahara, waingie au wabaki nje?

Nyuma ya maswali hayo liko swali jingine linalotugusa zaidi. Juu ya uwanda wa Makonde na chini yake, upande wa Masasi, kuna mahame. Kuna sehemu ambazo wazee wetu walijenga misikiti ya fito na udongo, wakaiezeka nyasi, kisha wakahamia vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970. Leo sehemu nyingine zina mikorosho. Je, hukumu ya msikiti ule wa udongo ni tofauti na hukumu ya msikiti wa mawe wa Kilwa?

Katika makala haya tutaeleza kwanza hukumu ya safari. Kisha tutatembea na msomaji gofu kwa gofu, tutazame kilichowapata watu wa mji ule, na mwisho tuijibu mas-ala ya mahame.

HUKUMU YA SAFARI

Qur'ani Tukufu imetuamrisha mahali pengi kutembea katika ardhi na kutazama ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Miongoni mwa mahali hapo ni Surat Aal Imran, aya ya 137, na Surat ar-Rum, aya ya 9. Kwa hiyo kutembea kwa ajili ya mazingatio kuna asili katika dini.

Wanaokataza hushika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa safari hazifungwi ila kuiendea misikiti mitatu: Msikiti Mtukufu wa Makka, msikiti wake wa Madina na Msikiti wa al-Aqsa. Wanachuoni wamekhitilafiana katika maana yake. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, katika wanachuoni wa Kishafii, alisema kuwa ni haramu kufunga safari kwenda mahali pengine kwa nia hiyo. Imamu an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameitaja kauli hiyo katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, kisha akasema kuwa iliyo sahihi kwa wenzetu wa madhehebu ni kwamba si haramu wala si makuruhu. Makusudio ya hadithi ni fadhila timilifu, nayo ni ya misikiti ile mitatu tu.

Kwa hiyo asiende mtu Kilwa akidhani kuwa rakaa mbili za pale zina thawabu kuliko rakaa mbili za msikiti wa kijijini kwake. Aende kujifunza na kuzingatia.

Wengine hutaja hadithi ya al-Hijr, nyumba za Thamud. Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba wasiingie kwa walioadhibiwa ila wawe wanalia, isije ikawapata iliyowapata wale. Hadithi ni sahihi, lakini haihusu mas-ala yetu. Thamud waliteremshiwa adhabu kwa kumkadhibisha Nabii Saleh (A.S.). Watu wa Kilwa walikuwa Waislamu, wana kibla, adhana na kadhi. Hatuna ruhusa ya kuwaweka katika hukumu ya Thamud. Hata hivyo adabu ya hadithi inabaki: asipite mtu penye magofu akicheka na kupiga kelele kana kwamba yeye hatakufa.

MATEMBEZI YA KILWA KISIWANI

Anayetoka Newala huteremka uwanda mpaka Masasi, akashika barabara ya Ndanda hadi Mnazi Mmoja, akapita Lindi, kisha Nangurukuru, mpaka Kilwa Masoko. Hapo huchukua kibali na mwongozaji, akavuka kwa chombo mlango mwembamba wa bahari. Kisiwani pana kijiji cha watu hadi leo. Wao ndio majirani wa magofu, na haki ya jirani inajulikana. Asiingie mgeni katika viwanja vya watu kana kwamba navyo ni magofu.

Gofu la kwanza kumpokea mgeni ni Gereza, lililo ufukweni. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505. Jengo linaloonekana sasa ni la Waomani, la karibu mwaka 1800, na ndani yake mna sehemu ya kazi ya Wareno. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama kuta zote za mji ule.

Kutoka hapo mgeni hufika Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe, ni ya karne ya 11 na ya 12 Miladia. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukaongezwa upande wa kusini ukumbi mkubwa wa kuba na matao. Sehemu hiyo ikaanguka, ikajengwa upya katika karne ya 15 chini ya Sultani Sulaiman bin Muhammad, kwa nguzo za mawe zenye pembe nane ambazo bado zimesimama. Msomaji alizingatie hilo. Msikiti ule ulianguka wakati mji una dhahabu ya Sofala mikononi, na hawakusema kuwa umekwisha kuwa kiwanja. Waliurudishia.

Mihrabu ya Msikiti Mkuu inaelekea kaskazini. Anayetoka Newala hatapata taabu ya kuuelewa mwelekeo huo. Makka, Kilwa, Newala na Masasi ziko karibu katika mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini, baina ya digrii 38 na 40 mashariki. Aliyejenga mihrabu ya mawe Kilwa na aliyechomeka mti kuonyesha kibla katika msikiti wa udongo Newala walielekea upande uleule.

Karibu na Msikiti Mkuu kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15. Huu ni mdogo lakini umehifadhika zaidi, na dari zake zilipambwa kwa mabakuli ya kigeni yenye rangi yaliyopachikwa katika chokaa. Mbele zaidi kuna Makutani, yaani penye makuta, kuta kubwa zilizozunguka kasri la masultani wa karne ya 18. Hapa ndipo mgeni anapoona kwa macho maana ya mji wa kuta. Kuna pia Msikiti wa Malindi na makaburi yaliyo pembeni yake.

Mashariki ya mji, juu ya genge linalotazama bahari, kuna Husuni Kubwa, kasri la al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Neno husuni asili yake ni Kiarabu, hisn, yaani ngome. Kasri lina vyumba takriban mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Wachimbuzi wa mambo ya kale wanaona kuwa halikukaliwa muda mrefu, na huenda halikumalizika. Mwenye kupata nafasi avuke pia mpaka Songo Mnara, kisiwa jirani, kwenye mji uliozungushiwa ukuta, wenye misikiti na nyumba za mawe, ambao ulihamwa katika karne ya 16.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kubomoka na kuliwa na bahari, na baada ya kazi ya ukarabati yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

KUTA ZILIZOJENGWA NA WALIOJIFICHA

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliwasifu watu wake kwa dini na wema, akaeleza kuwa ni Washafii. Alimsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu, mpaka akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Kwa maelezo yake, sultani alikuwa akiitenga khumsi ya ngawira katika hazina ya peke yake na kuitumia katika njia zilizotajwa na Qur'ani.

Lakini Ibn Battuta huyohuyo ameeleza kuwa ngawira ile ilitokana na mashambulizi ya mara kwa mara katika nchi za watu wa bara. Sisi wa bara hatuwezi kuisoma sehemu ya kwanza ya habari tukaifunika ya pili. Mgawanyo wa mali unaweza kuwa sawa kwa mizani ya fiqhi, na bado ikabaki kuulizwa jinsi mali ilivyopatikana.

Mwezi Julai 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliingia mjini na kuupora. Ngome yao haikudumu, kwani mwaka 1512 waliondoka. Mji ukapungua, kisha katika karne ya 18 ukainuka tena, na sehemu kubwa ya mwinuko huo ilikuwa biashara ya watumwa. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 biashara ikahamia Kilwa Kivinje, bara, na misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa na bonde la Ruvuma ikawa inamiminika huko.

Wanachuoni hawakutofautiana kuwa asili ya mwanadamu ni uungwana. Bukhari amepokea hadithi Qudsi kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.) atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Watu waliotekwa nyara usiku katika vijiji vyao kusini walikuwa waungwana. Aliyewauza aliingia katika makemeo ya hadithi hiyo, awe aliswali katika msikiti wa kuba au hakuswali. Sultani Barghash wa Zanzibar aliipiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873, na misafara ya bara mwaka 1876.

Sasa tutazame upande wa pili. Wamakonde hawakujenga kuta za matumbawe. Ukuta wao ulikuwa mteremko mkali wa uwanda na vichaka vizito vilivyo juu yake. Mjerumani Karl Weule, aliyetembelea Masasi na Newala mwaka 1906, aliwakuta wakiishi juu ambako hakuna mto wala chemchemi, na wanawake wakiteremka mabondeni kuteka maji. Watu hawachagui kukaa mbali na maji bila sababu. Walikimbia wateka watumwa, na walikimbia mashambulizi ya Wangoni, ambao mwaka 1882 waliivamia Masasi penyewe. Maji ya bomba yalianza kupandishwa uwandani katika miaka ya 1950.

Kwa hiyo kuta za Kilwa na vichaka vya Makonde ni habari moja yenye pande mbili. Ndipo inapobainika neema ya Mwenyezi Mungu. Uislamu ulikaa Kilwa karne nyingi bila kuota mizizi katika vijiji vya uwandani. Ulienea huko mwishoni mwa karne ya 19, na zaidi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, baada ya biashara ya watumwa kufa, baada ya Vita vya Majimaji (1905–1907) na Vita Kuu ya Kwanza. Walioueneza hawakuwa masultani. Walikuwa walimu wa vijijini, wengi wao wenyeji waliokwenda pwani wakasoma wakarudi, pamoja na ndugu wa twarika za Qadiriyya na Shadhiliyya. Walikuja na msahafu na subira, wakajenga misikiti kwa fito, udongo na nyasi.

HUKUMU YA MSIKITI ULIOBOMOKA

Je, msikiti ukibomoka, ukahamwa, hukumu yake huondoka?

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, jibu ni wazi. Imamu an-Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa msikiti ukianguka na ikashindikana kuurudishia, hauuzwi kwa hali yoyote. Sababu ni kuwa ardhi ile imetoka katika milki ya mwanadamu, na bado inawezekana kuswaliwa juu yake hata kama hakuna ukuta wala paa. Katika Hanafi, Abu Yusuf amesema hivyohivyo, kwamba unabaki msikiti milele. Muhammad bin al-Hasan akasema unarudi kwa aliyeutoa au warithi wake. Hanbali wameruhusu kuuza au kuhamisha pale manufaa yanapokatika kabisa. Miongoni mwa hoja zao ni habari ya Sayyidna Umar (R.A.), aliyeagiza msikiti wa Kufa uhamishwe baada ya hazina iliyokuwa jirani nao kuvunjwa na mwizi.

Sisi watu wa pwani na wa uwandani tumelelewa juu ya madhehebu ya Shafii, na kwa mujibu wake tunajibu maswali ya ziara:

Kwanza, anayeingia Msikiti Mkuu wa Kilwa au Msikiti Mdogo wa Kuba, naye ana udhu, ni sunna kwake kuswali rakaa mbili kabla hajakaa, maadamu sehemu ni twahara.

Pili, mwenye janaba hakai humo. Anaweza kupita tu, kwa dalili ya Surat an-Nisaa, aya ya 43. Mwanamke mwenye hedhi naye anaweza kupita bila kukaa, ikiwa hachelei kuchafua. Viongozi wa misafara wawaeleze kina mama jambo hili kwa staha kabla ya kuvuka, wasiwaaibishe mbele ya watu.

Tatu, haijuzu kuchukua jiwe, kigae wala kipande cha chokaa kuwa kumbukumbu. Ni mali ya wakfu, na tena sheria ya nchi ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inakataza.

Nne, kuingia kwa wasiokuwa Waislamu. Washafii wanaruhusu asiyekuwa Mwislamu kuingia msikitini kwa idhini ya Waislamu, isipokuwa katika Haram ya Makka. Kwa hiyo watalii wasigombezwe. Waelezwe kwa upole kuwa hapa ni mahali pa ibada, waje kwa mavazi ya heshima.

Tano, makaburi. Tuwatolee salamu waliomo, tuwaombee dua, tukumbuke Akhera. Tusiyakalie wala kuyakanyaga. Muslim amepokea hadithi ya kuruhusiwa kuzuru makaburi baada ya kukatazwa, na pia katazo la kuyapaka chokaa, kuyakalia na kuyajengea. Lakini katazo la kujengea halimpi kijana wa leo ruhusa ya kubeba nyundo na kuvunja yaliyojengwa zamani. Jambo hilo liko mikononi mwa wenye mamlaka, na fitina yake ni kubwa kuliko maslahi yake.

TURUDI KWENYE MAHAME

Mwezi Novemba 1973 serikali ilitangaza kuwa kuishi katika vijiji si hiari tena, na kazi hiyo ikasukumwa hadi mwaka 1976. Kusini, karibu na mpaka wa Msumbiji iliyokuwa vitani, watu walianza kukusanywa mapema kuliko sehemu nyingi. Vitongoji vikabaki mahame. Nyumba zilianguka, miembe ikabaki, na misikiti ikabaki na mafiga ya kuchemshia maji ya kuoshea maiti na makaburi pembeni. Kuta za udongo hazidumu kama matumbawe. Mvua za masika chache zikatosha.

Wengi hudhani kuwa kwa kuwa msikiti ulikuwa wa udongo, basi hukumu yake ni nyepesi. Fiqhi haitazami jengo, inatazama ardhi na nia ya aliyeitoa. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina ulikuwa na nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ardhi ile ilitolewaje? Kuna hali tatu.

Hali ya kwanza: mwenye ardhi alitamka kuwa ameitoa iwe msikiti. Hiyo ni wakfu. Kwa Washafii ni msikiti mpaka leo, hata kama umebaki mche mmoja wa mwembe.

Hali ya pili: watu walifyeka msitu usiokuwa na mwenyewe, wakajenga kwa nia ya msikiti. Katika ardhi mfu kama hiyo, wanachuoni wa Kishafii wameeleza kuwa nia pamoja na kitendo vinatosha, bila ya tamko. Vitongoji vingi vya zamani vilianza hivi, basi hali hii isipuuzwe.

Hali ya tatu: mtu aliwaruhusu jirani zake waswali katika banda au kibaraza chake, au alijenga jengo lenye sura ya msikiti katika milki yake bila ya kutamka wakfu. Kwa Washafii, ruhusa ya kuswali peke yake haiigeuzi milki kuwa msikiti, na ardhi ni ya warithi wake. Hanafi na Hanbali wanaona kuwa kujenga kwa sura ya msikiti na kuruhusu watu wote waswali kunatosha. Mwenye kutaka kujiepusha na shaka atajua la kufanya.

Na kama aliyetoa amekufa, hakuna maandishi? Kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa wahakiki wa Kishafii, wakfu huthibiti kwa istifadha, yaani habari iliyoenea kwa watu wengi wasiodhaniwa kukubaliana juu ya uwongo. Hapa ndipo penye haraka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa kuhamia vijijini leo ni mzee wa miaka 70. Kila mzee tunayemzika anaondoka na mipaka ya msikiti na makaburi ya kitongoji chake. Kilwa ina mawe ya kusema badala ya watu. Mahame yetu hayana isipokuwa vinywa vya wazee.

Vipi kuhusu vifaa? An-Nawawi amesahihisha kuwa mikeka ya msikiti iliyochakaa na magogo yaliyovunjika yasiyofaa ila kuni yanaweza kuuzwa kwa maslahi ya msikiti. Vilivyo vizima hupelekwa katika msikiti mwingine, na wa karibu ndio bora. Kwa hiyo wazee waliobeba mabati na milango ya msikiti wa zamani wakaweka katika msikiti wa kijiji kipya hawakukosea. Walichohamisha ni vifaa. Ardhi haikuhamishika.

Na mikorosho? Aliyepanda juu ya kiwanja cha msikiti bila kujua hana dhambi, lakini akishajua asiendelee. Ardhi si yake, na ujira wa kuitumia ni haki ya wakfu. Tunawashauri maimamu wasilifanye jambo hili kuwa ugomvi wa msikitini. Njia iliyo bora ni sulhu: mhusika aridhie mazao yaende katika msikiti wa kijiji mpaka kiwanja kitakapoachwa wazi, au wazee waamue kwa msaada wa mwanachuoni anayeaminika. Ama makaburi, an-Nawawi ameeleza kuwa maiti akishakuwa udongo kabisa inajuzu kulima au kujenga, ikiwa ardhi haikutolewa kwa ajili ya maziko ya watu wote. Ikiwa imetolewa kwa hilo, ibaki hivyo.

WASIA WETU

Tunawausia maimamu wa Masasi na Newala mambo manne.

La kwanza, Ijumaa moja waitajie jamaa mas-ala hii kwa hekima, kisha wawaombe wazee waseme wanachokijua.

La pili, waende nao mahame kwa miguu. Watembee kama wanafunzi wanavyotembea Kilwa, wasimame penye mihrabu, waweke alama za mawe pembe nne, wahesabu hatua na waandike: jina la kitongoji, aliyetoa ardhi, maneno aliyotamka, na majina ya mashahidi. Nakala moja ibaki msikitini, nyingine kwa viongozi wa Waislamu wa wilaya.

La tatu, waifikishe habari katika halmashauri ya kijiji, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa mamlaka ya kusimamia ardhi hiyo. Kiwanja kisichojulikana kiofisi kitagawiwa kwa mtu mwingine, na kukirudisha baadaye ni taabu. Na pale ambapo jirani zetu Wakristo nao wana makaburi yao katika mahame hayohayo, haki yao iandikwe pamoja na yetu. Katika koo zetu wengi wamelala pamoja.

La nne, wanaokwenda Kilwa waende na daftari. Wakirudi, wasisimulie ukubwa wa kasri tu. Wasimulie kwamba Husuni Kubwa, pamoja na vyumba vyake mia, haina mkazi, na kwamba dini iliyofika Newala ilipandishwa mlima na mwalimu asiyekuwa na nyumba ya mawe. Kumheshimu mwalimu huyo ni kuihifadhi sehemu aliyosujudu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu wazee wetu waliotutangulia katika imani, awape malipo ya waliodhulumiwa wale waliouzwa ilhali ni waungwana, na atujaalie kuwa waaminifu wa wakfu tulioachiwa. Amin.

Wallahu a'lam.